Sanduku la Kumposea Bi Tuba

Ukitaka kumjua Mash Yadollah, usihangaike kupanda kwao milimani, juu ya Taft. Kule utakuta miti mia mbili ya lozi, ukuta wa udongo unaomtaka fundi, na nyumba ya mgane yenye birika moja na kikombe kimoja. Mtafute mjini Yazd siku ya Alhamisi, kofia kwapani, mkononi kitu kitamu, ndevuni sukari. Wapo wanaoujua mji kwa misikiti yake, wapo wanaoujua kwa ofisi walizozungushwa. Yeye aliujua kwa meno. Hata hilo jina la Mash alipewa baada ya kwenda kuzuru Mashhad, na aliporudi, wallahi, watu walisikia habari za sukari mawe ya zafarani hadi wakachoka, wakamwomba aeleze na ziara kidogo.

Kila Alhamisi alishuka na basi la alfajiri, na miguu yake ilikuwa na ratiba. Kwanza kwa mzee Khodadad, mtaa wa Wazoroasta, anayeoka keki ndogo ndogo na kuzipanga dirishani zingali zinafuka moshi. Hapo alikula tatu, si nne. Kisha karakana ya pashmaki nyuma ya soko, ambako wanaume wanne wamezunguka sinia wakivuta pete ya sukari, wanaikunja, wanaivuta tena, hadi inakuwa nyuzi laini kama sufi. Hapo hakununua sana, alipenda kutazama na kuwapa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Adhuhuri duka la Mirza Habib, uwanja wa saa, duka lenye vioo na foleni, masanduku yake yana utepe wa dhahabu na kila bibi harusi wa mji huu amepata moja. Na mwisho kabisa, wakati miguu imechoka na tumbo linasema basi, kichochoro cha Fahadan, kwenye mlango wa mbao usio na kibao chochote. Pale alikaa Bi Tuba.

Bi Tuba alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Alitengeneza kotabu nyumbani kwake: vidonge vya unga uliokandwa kwa mtindi, ndani lozi na iliki, vinakaangwa kisha vinaviringishwa kwenye sukari laini. Mlango wake, kama milango yetu ya zamani, ulikuwa na vyuma viwili vya kubishia, kizito cha wanaume na chepesi cha wanawake, ili aliye ndani ajue nani aje kufungua. Mash Yadollah alibisha kile kizito. Kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamume, Bi Tuba alipiga kelele kutoka ndani: "Ngoja nijifunike! Mbona unabisha kama mdai kodi?" Kisha ulifunguka upenyo, ukatoka mkono na robo kilo.

"Kiasi gani, Bi Tuba?"

"Ah, si kitu. Chukua tu."

"Haiwezekani. Kiasi gani?"

"Nimesema chukua, wewe mgeni wetu."

"Bi Tuba, kwa roho ya mama yako."

Hapo ndipo anataja bei, na wallahi haikuwa bei ya kupewa mgeni. Miaka saba waliigiza hivyo, kila Alhamisi, neno kwa neno, na kama mmoja angeruka mstari, mwenzake angeona amekosewa adabu.

Sasa, mtu haanzi kupenda siku moja. Lakini siku aliyojua kuwa amekwisha, aliijua. Ilikuwa majira ya baridi, mafua yamemlaza, Alhamisi ikapita hakushuka. Wiki iliyofuata alibisha mlango, upenyo ukafunguka, mkono ukatoka na kifurushi.

"Hizi za wiki iliyopita," Bi Tuba alisema. "Nilikuwekea hukuja. Zimekauka. Utazila hizohizo, ni zako."

Alizila njiani ndani ya basi, ngumu kama kokoto, hadi ya mwisho. Tangu mkewe afariki, miaka tisa, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona kwamba hayupo.

Alimwambia dada yake, Esmat, aliyeolewa mjini. Esmat ni mwanamke wa vitendo. Hakusema "fikiri kwanza." Alijitanda chador, akaenda kwa Haji Fathollah, kaka yake Bi Tuba, muuza vitambaa, akapanga siku. Aliporudi alisema, "Alhamisi ijayo, saa kumi. Nyoa shingo."

Ndipo hofu ilipomwingia kaka yetu. Akikubaliwa, alhamdulillahi. Akikataliwa, hakosi mke peke yake, anakosa na mlango. Mwanamume aliyeposa akarudishwa hawezi kubisha wiki ijayo akataka robo kilo. Hata hicho kidogo alichokuwa nacho, ule mkono na zile kelele za "ngoja nijifunike", alikuwa amekiweka rehani kwa hiari yake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alhamisi ilipofika alishuka na suti ya harusi yake ya kwanza, na gunia la lozi mabegani kwa ajili ya kuuza sokoni, maana mkulima haendi mjini bure hata siku ya posa. Akaliacha gunia kwa Esmat, akatoka kwenda kununua sanduku.

Kwetu posa haiendi bila sanduku la vitamu, mkono mtupu haulambwi. Sanduku linawekwa katikati ya zulia, halifunguliwi. Wazee wanazungumza, bibi harusi analeta chai, na sanduku linakaa pale limefungwa kama mtuhumiwa. Wakikubaliana, linafunguliwa na kila mtu anatiwa kitamu mdomoni. Msichana ambaye vitamu vyake vimeliwa haposwi na mwingine tena. Wasipokubaliana, mgeni anaondoka, na sanduku halina wa kuliangalia. Ni jambo jepesi kabisa, ila kama unayemposa ni fundi wa vitamu.

Hilo lilimgonga Mash Yadollah akiwa dukani kwa Mirza Habib, wa tatu kwenye foleni.

"Nipe kubwa," alisema zamu yake ilipofika. "Utepe mpana."

"Mubarak, mubarak! Unampelekea nani, Mash Yadollah?" Mirza Habib aliuliza, mkasi tayari.

"Bi Tuba wa Fahadan."

Mkasi ulishuka mezani. "Tuba? Tuba mke wa marehemu Rajab?"

"Huyohuyo."

"Ndugu yangu, Rajab alinifanyia kazi miaka ishirini, tukagombana kwa sababu ya kilo mbili za pistachio, akatoka na kuapa kwamba sanduku langu halitavuka kizingiti chake. Alipokufa nilipeleka moja msibani, mkewe alilirudisha kwa teksi. Kwa teksi! Unataka kuposa au unataka kupigwa?" Akamgeukia mteja mwingine, kisha akarudi na kunong'ona: "Ila umechagua vizuri, mzee. Yule mwanamke ana mkono."

Foleni nzima ilikuwa imesikia. Wakati Mash Yadollah anafika karakana ya pashmaki, habari ilikuwa imemtangulia, na wale wanaume wanne walimpokea kwa nyimbo za harusi. Walimpa mfuko mkubwa bure. Akatembea nao hatua mia tatu kwenye jua la Yazd, akachungulia ndani, akaona pashmaki imenywea, imekuwa kitu cha kusugulia sufuria. Akakila mwenyewe kwa huzuni.

Akarudi kwa mzee Khodadad.

"Keki zangu? Kwa Tuba?" Khodadad alicheka mpaka akashika ubavu. "Unajua iliki yangu anatwanga nani? Yeye. Mikate midogo ya lozi ninayouza Nowruz, mwaka mpya, anatengeneza nani? Yeye. Nusu ya masanduku ya mji huu yamepita jikoni kwake, Mash Yadollah. Ukimpelekea hizi atakwambia ni siku gani zimeokwa na nimepunja nini."

"Basi nifanye nini, mzee wangu?"

"Posa muuza sabuni," Khodadad alisema, akampa keki ya nne.

Saa nane hiyo. Alirudi kwa Esmat, akakaa kwenye ngazi, tai imepinda. Esmat alimsikiliza akiwa amejishika kiuno.

"Mimi niende kwake ninunue sanduku la kotabu zake," alisema. "Atajuaje?"

"Nimpelekee jasho lake mwenyewe? Nimwambie, shika, umejipika, sasa jiozeshe?"

"Basi nenda bila kitu, uone Haji Fathollah atakavyokuvua nguo mbele za watu!"

Mash Yadollah aliliangalia gunia. Esmat, aliyemjua tangu utotoni, akaanza kupiga kelele kabla hajasema neno.

"Hapana! Yadollah, hapana! Utatutia aibu ukoo mzima!"

Lakini alikwisha kulifungua na kulimwaga uani. Akaanza kuchambua. Lozi moja chungu inaharibu sinia zima, kila fundi anajua, na lozi chungu haina alama. Kwa hiyo alichagua zile za miti minne tu, ile ya karibu na mfereji, ambayo hakuwahi kuikosea tangu ajifunze kupanda ngazi. Aliivunja kila moja mwenyewe, akatupa zilizosinyaa, akatupa zilizo pacha, akaonja hapa na pale hadi ulimi ukafa ganzi. Kilo tatu. Esmat alimtafutia mfuko safi wa kitambaa cheupe huku akilia kwa hasira, na saa kumi walikuwa mlangoni. Mash Yadollah alibisha chuma kizito. Safari hii mlango ulifunguliwa wote, na aliyefungua alikuwa Haji Fathollah.

Haji Fathollah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata mambo yalivyo. Aliwakalisha, akauliza afya, akauliza mvua, akauliza lozi mwaka huu bei gani. Kisha macho yake yakaanza kutafuta katikati ya zulia.

"Naam," alisema. "Na sanduku?"

Mash Yadollah akausukuma ule mfuko mbele. Haji Fathollah akaufungua kwa ncha za vidole, akatazama.

"Lozi."

"Ndiyo, Haji."

"Mbichi."

"Ndiyo, Haji. Nimechambua mwenyewe."

"Bwana wewe, umekuja kuposa au kuuza?" Haji akamgeukia Esmat. "Dada yangu, huyu yuko sawasawa?"

"Nilimkataza," Esmat alisema, akajifunika uso na chador.

Bi Tuba aliingia na sinia la chai. Wanawake wa rika lake hawaoni haya ya wasichana. Aliweka gilasi mbele ya kila mmoja, akakaa karibu na mlango, akaliangalia zulia. Mash Yadollah alimwona mzima kwa mara ya kwanza, baada ya miaka saba ya kuona mkono. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Akapenda hata hilo.

Haji Fathollah alikohoa, akaanza hotuba aliyokuwa ameiandaa. Kwamba dada yake ana heshima yake. Kwamba watu watasema. Kwamba mwanamke mwenye jiko lake na wateja wake, akipelekwa milimani akae na miti, jiko litakufa na yeye atakufa nalo. Hapo alisema kweli, na sauti yake ikalainika kidogo. Kisha akaunyooshea kidole ule mfuko.

"Na juu ya yote, kwetu jibu linatolewa kwa kinywa kitamu. Mimi nitasemaje mubarak? Tutafune hizi kama kuku? Hujaleta kitamu, basi hakuna jibu. Kunywa chai yako, Mash Yadollah, chukua lozi zako, na Mungu akuzidishie mavuno."

Ilikwisha hivyo, kwa adabu zote. Mash Yadollah aliinuka. Alitaka kusema kwamba angekuja wiki ijayo kama kawaida, kwamba yaliyosemwa yasahaulike, lakini aliona hakuna namna ya kulisema. Akainama kuokota mfuko.

Mkono aliouzoea ulikuwa umetangulia. Bi Tuba alikuwa amesogea kwa magoti hadi katikati ya zulia, akachota lozi kiganjani, akaitia moja kinywani. Akatafuna polepole, macho ameyafumba. Akachukua nyingine kutoka chini ya mfuko, kwa sababu wauzaji wote huweka nzuri juu. Kisha nyingine, kutoka pembeni.

"Za miti mingapi hizi?" aliuliza.

"Minne."

"Za maji ya mfereji?"

"Ndiyo."

"Kaeni," alisema Bi Tuba, akasimama.

"Tuba, tumekwisha maliza," Haji Fathollah alisema.

"Kaka, umesema hakuna kitamu. Kitakuwepo. Kaa. Bi Esmat, njoo unikandie unga, mikono yako naiona ina nguvu. Na wewe, Mash Yadollah, vua hilo koti kabla halijapasuka."

"Hilo ni jibu?" aliuliza Haji.

"Nani amezungumza habari ya jibu? Nimesema kaeni."

Subira yavuta heri, lakini haikumvutia Haji Fathollah, aliyebaki peke yake sebuleni na gilasi nne za chai. Uani maji yalichemka, lozi zikatiwa, na Mash Yadollah akawekwa kwenye kibao kidogo kuzimenya maganda, suruali ya harusi imekunjwa hadi magotini.

"Una vidole vya mchimba visima!" Bi Tuba alimkemea. "Ibane hivi, iruke yenyewe. Hivi! Hiyo imeingia kwenye birika, itoe."

"Naitoa."

"Unanitazama mimi, tazama lozi."

"Natazama lozi."

Bi Tuba alizipangusa, akazikausha juu ya moto mdogo, akazitwanga na iliki. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Mimi sihami. Mlango huu haufungwi. Niliufungua mwenyewe Rajab alipokufa na hakuna aliyenisaidia, hata huyo anayelia njaa sebuleni."

"Nani amekwambia uhame?" alisema Mash Yadollah. "Miti inanihitaji wakati wa maua na wakati wa mavuno. Siku zingine inasimama tu, na mimi nasimama nayo kama mjinga. Nitashuka mimi."

"Watasema umeolewa."

"Na waseme. Chakula nitakuwa nakula mimi, si wao."

Esmat, mikono imejaa unga, alicheka kwa sauti halafu akajifanya anakohoa. Bi Tuba hakucheka. Aliendelea kutwanga, lakini mapigo yalikuwa mepesi zaidi.

Magharibi iliadhiniwa, wakaswali, wakarudi kwenye mafuta. Kotabu za kwanza zilipoelea zikageuka rangi, harufu ilikwenda yenyewe kumwita Haji Fathollah. Alikuja uani, akasimama kando ya sinia ambako Bi Tuba alikuwa anaziviringisha kwenye sukari, na mwenye njaa hana miiko: akanyoosha mkono. Akapigwa kofi mkononi kama mtoto.

"Tuba! Mimi ni kaka yako mkubwa!"

"Ndiyo maana utangoja zamu."

Katika kazi yake Bi Tuba alikuwa na hesabu kali: kila kotabu inayoivishwa ina mwenyewe, imeagizwa, inapimwa, inafungwa. Zilizovunjika alizipeleka kwa majirani. Alionja unga kwa ncha ya ulimi, alionja sukari, na hapo basi, kotabu yenyewe hakuila, mganga hajigangi. Sasa alichagua moja, nzima, ya mviringo, akaipuliza mara mbili, akaitia yote kinywani.

Bi Tuba alitafuna, sukari imemganda juu ya mdomo, moto unamchoma, machozi yanamtoka, na uso wake ukafanya kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiona kwenye ule upenyo wa mlango.

"Kumbe," alisema, mdomo umejaa. "Kumbe ndivyo zilivyo zikiwa za moto. Miaka kumi na moja nawauzia watu."

Akachukua ya pili.

Esmat alipiga kigelegele kilichowatoa majirani kwenye madirisha. Haji Fathollah alisema "mubarak" mara tatu mfululizo, mkono tayari uko kwenye sinia. Na Bi Tuba akaweka kotabu tano kwenye kisahani, akakisukuma mbele ya Mash Yadollah. Yule mwanamume, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikataa kitamu tangu azaliwe, alikaa akiwa amekishika kisahani chake, hakula, kwa sababu alikuwa anamtazama mwenzake anavyokula, na hakutaka amalize haraka.